Mzee Grisi na Mlango Uliozidi Uzito

Mtaani walimwita Mzee Grisi, na hakupata kukasirika hata siku moja. Angekasirikaje, naye alinuka grisi tangu asubuhi? Alikuwa dereva wa basi la shule mpaka alipostaafu, na miaka yote hiyo basi lake halikuwahi kuzimika njiani likiwa na watoto ndani. Wenzake walisema ana bahati. Bahati gani, jamani! Mtu analala chini ya basi kila Jumamosi na tochi mdomoni, anakaza nati, anapaka grisi, anasikiliza kila mlio, halafu mtu aliyekuwa amelala kwake anakuja kusema bahati. Neno hilo lilimchoma, na hata leo ukilitaja mbele yake utahutubiwa mpaka chai yako ipoe.

Alipostaafu aliliacha basi shuleni, lakini mazoea alirudi nayo nyumbani. Bawaba za madirisha zikalishwa. Ndivyo alivyosema mwenyewe, kulisha. Kitasa cha bafuni kikalishwa. Cherehani ya mkewe, iliyokuwa haina neno wala haijamwomba chochote, ililishwa mafuta mpaka ikachafua gauni jeupe la jirani. Mkewe akamtoa chumbani yeye na kopo lake.

"Nenda ukalishe gereji yako huko! Cherehani yangu ina mwenyewe!"

Basi akahamia gereji, na hapo ndipo alipompata mpenzi wake wa pili. Mlango wa gereji haukuwa wa umeme. Ulikuwa mpana, wa chuma, wa vipande vilivyoshikana kwa bawaba. Unaushika mpini chini, unaupandisha, na magurudumu yake madogo yanapita kwenye reli mbili za ukutani mpaka mlango wote unalala chini ya dari. Juu yake kulikuwa na springi mbili nene zilizojisokota kwenye bomba. Kila Jumamosi mzee alipanda ngazi na matambara yake. Reli alizifuta kwa kitambaa kikavu wala hakuzitia grisi, maana grisi ndani ya reli hushika vumbi ikawa tope, na tope likigandisha gurudumu moja mlango unakwenda upande. Magurudumu na bawaba ndivyo alivyovilisha, tone kwa tone. Nyaya za chuma za pembeni alizitazama kwa tochi asije akakuta uzi umekatika. Nati alizikaza. Mpira wa chini, ule unaozuia maji ya mvua, aliuosha kwa sabuni kama anaogesha mtoto.

Na alikuwa na sheria. Mlango ufunguke wote au ufungwe wote, asiuone katikati. Sheria hiyo alitoka nayo kwenye basi, alikokuwa haondoi gari mpaka mlango uwe umefungwa na yeye mwenyewe ameusukuma kuhakikisha. Wanawe walikua na sheria hiyo masikioni. Mtoto akiinua mlango wa gereji nusu ili achungulie kama mvua imekatika, alipigiwa kelele zilizofika mtaa wa pili. Nyumba ile, nakuambia, mtu angeweza kuchelewa kurudi akasamehewa, lakini mlango nusu, thubutu!

Sasa, usidhani mzee alikuwa na wazimu wa milango tu. Mkewe aliugua figo. Kila baada ya siku moja ilibidi afike hospitali asubuhi, alazwe kwenye kiti kirefu, afungwe mipira mkononi, na mashine imsafishe damu mpaka mchana. Walijaribu magari ya kukodi. Moja lilichelewa, jingine dereva wake alinung'unika mama alipotapika wakati wa kurudi, na mzee akashuka hapo hapo akaapa kwamba mkewe hatapanda tena gari la mtu. Gari lao lilikuwa kuukuu, lakini lilikuwa na mto wa kuegemea, beseni chini ya kiti, na dereva asiyepiga breki za ghafla. Tena kutoka jikoni mama aliingia gereji kwa mlango wa ndani bila kupanda wala kushuka ngazi. Kuliacha gari nje barabarani kulikuwa hakufai, kwani mtaa ule gari likilala nje huamka halina magurudumu.

Kwa hiyo mlango ule ukifunguka, mama anafika kwenye mashine. Usipofunguka, hafiki.

Watoto wao wawili walilijua hilo, na wakakubaliana na wazazi jambo moja mapema. Kaka mkubwa, pande la mtu aliyefanya kazi ya kupakua mizigo ghalani, ndiye aliyelisema, tena kwa upole. Siku baba atakaposhindwa, atoe funguo za gari. Mama atahamia kwa dada yao karibu na hospitali, na baba atabaki nyumbani awe anatembelewa. Kwa dada kulikuwa na chumba kimoja cha ziada, kitanda kimoja chembamba. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mzee aliitikia, lakini usiku ule hakula, akasema amevimbiwa. Tangu waoane hawakuwahi kuishi mbalimbali, yeye na mama watoto.

Na ndipo mlango ulipoanza.

Ulianza kama mzaha. Asubuhi moja ya kliniki aliuinua, akahisi umekuwa mzito kidogo. Akaulaumu unyevu. Jumamosi akaulisha kuliko kawaida. Hakuna kitu. Baada ya wiki kadhaa ukawa mzito zaidi, akabadilisha magurudumu mawili, akafuta reli mpaka ukaweza kujitazama humo. Mlango ulipanda bila kelele, bila kukwama, bila kuyumba. Mzito tu. Basi mtu mwenye akili timamu, ambaye amekagua kila nati kwa mkono wake na hakuona kosa, atasema nini? Alisema kosa ni lake. Mlango mzima, mimi ndiye niliyechakaa.

Hakumwambia mtu. Alianza kufanya mazoezi kwa siri nyuma ya nyumba, ananyanyua ndoo mbili za maji na kuzishusha, ananyanyua na kuzishusha, na jirani akichungulia anajifanya anamwagilia mchicha. Mchicha wenyewe ukaoza kwa maji. Alianza kula mayai kwa fujo. Mabega aliyachua kwa dawa kali ya misuli, ile inayokutoa machozi hata ukiwa chumba cha pili.

"Baba watoto, mbona unanuka duka la dawa?" mkewe alimwuliza.

"Mafua."

"Mafua ya mgongoni?"

"Yameshuka."

Siku za kliniki aliwahi kuamka kabla yake, akaenda gereji peke yake, akashika mpini kwa mikono miwili, akakunja magoti, akausukuma juu kwa bega huku amebana meno asije akatoa sauti. Ukishafika juu aliufunga kwa komeo, akaegemea gari mpaka moyo utulie, akajifuta jasho, akarudi jikoni akipiga mluzi. Mluzi wenyewe ulikuwa hauna pumzi. Mama aliyekuwa amelala macho kitandani alisikia yote: magoti, mguno, na ule mluzi uliokatika katikati. Mgonjwa husikia mengi, maana kazi yake ni kulala.

Siku moja hospitalini, mashine ikiwa inanguruma na mama amesinzia, nesi alimwita mzee pembeni kwenye korido. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyewajua wagonjwa wake wote kwa utani, lakini siku hiyo hakutania.

"Baba, mama amekuambia?"

"Ameniambia nini?"

"Ameomba apunguziwe siku. Anataka awe anakuja mara moja kwa wiki."

"Amepata nafuu?"

Nesi akamtazama. "Hajapata nafuu, baba. Mara moja kwa wiki haimtoshi, na yeye anajua. Nilipombana akasema mume wake anachoka. Akasema, namsikia kila asubuhi akijiua ili mimi niishi, bora nipunguze."

 Mzee aliketi kwenye benchi la korido akaangalia viatu vyake. Mtu anaweza kudhani anaficha jambo lake, kumbe jambo limeshamwingia mwenzake na kuanza kumla. Aliogopa kutenganishwa naye kitanda, na kwa woga huo alikuwa anakaribia kutenganishwa naye kabisa. Hapo hapo kwenye benchi alilia, tena bila kujificha. Halafu akatoa simu akampigia mwanawe.

"Njoo Jumapili uchukue funguo."

"Baba, kuna nini?"

"Sina nguvu tena. Mwambie dada yako atayarishe chumba."

Jumapili walikuja, kaka mkubwa na mkewe. Mama aliketi kwenye kiti cha plastiki pale mlango wa jikoni unapoingilia gereji, shuka magotini, mkoba wake wa nguo umesimama pembeni. Alikuwa amejifunga kitambaa kizuri kichwani, kama anayekwenda harusini, lakini macho yalikuwa mekundu. Mzee alitoa funguo mfukoni, akazifuta kwa shati, akampa mwanawe.  Mkwe ndiye aliyesema, "Baba, tutakuwa tunakuleta kila wikiendi umwone," na maskini alidhani anafariji.

"Ngoja nitoe gari," kaka mkubwa alisema, apate kuondoka pale.

Akaenda mlangoni, akashika mpini kwa mkono mmoja kama alivyokuwa akifanya tangu ujana wake. Mlango haukutikisika. Akacheka kidogo, akashika kwa mikono miwili. Ukapanda mpaka magotini. Akapanua miguu, mishipa ya shingo ikamtoka, yeye anayebeba magunia kutwa nzima, na mlango ukafika kiunoni ukagoma.

"Umefungwa komeo huu?"

"Haujafungwa," mzee alisema. "Sukuma tu, ukipita kifuani unalegea."

"Baba, huu mlango… siku za kliniki anaufungua nani?"

"Nani mwingine? Mimi."

"Na nani?"

"Na magoti yangu."

Kaka mkubwa akageuza uso amtazame baba yake, na kwa mshangao akaachia mpini.

"Usiuache katikati!" mzee alipiga kelele.

Kwa bahati, na hapa acha niliseme hilo neno asilolipenda, kijana aliruka nyuma. Mlango ulishuka kwa kishindo kilichotikisa makopo yote ya rangi kwenye rafu. Vumbi likapanda. Mama akashika kifua. Mkwe akapiga yowe, na jirani wa mchicha akatokeza kichwa ukutani kuuliza nani kafa.

Hakufa mtu. Walisimama wakiutazama mlango, na kaka mkubwa akawa anatazama viganja vyake vilivyokuwa vyekundu.

"Baba," alisema taratibu, "mimi nimeushindwa."

Mkwe ndiye aliyempigia simu fundi wa milango, mtu wa kawaida tu, mwenye kitambi na kofia, aliyekuja akilalamika kwamba hata Jumapili hapumziki. Alipanda ngazi, akagusa hapa na pale, akasifia usafi. Alisema hajapata kuona bawaba zilizonona hivyo. Kisha akashuka.

"Springi zenu zimekwisha. Moja imelegea, nyingine ina ufa. Hizi ndizo zinazobeba mlango, mkono wako unaongoza tu. Zikichoka, uzito wote unakuja kwako. Nani alikuwa anafungua?"

Wote wakamnyooshea mzee kidole.

"Peke yake?" Fundi akavua kofia akajikuna. "Baba, huu ni mlango wa wanaume wawili, tena walioshiba. Ulikuwa huujaribu?"

"Kuujaribu vipi? Kila Jumamosi naulisha, nakaza, nafuta…"

"Kuulisha sawa. Lakini mara moja moja unauinua mpaka katikati, unauachia taratibu huku mikono iko karibu. Springi zikiwa nzima, mlango unabaki pale pale, haupandi wala haushuki. Ukianza kushuka, unamwita fundi. Ni hilo tu. Katikati."

 Kaka mkubwa akamwangalia mkewe, mkewe akamwangalia mama, na mama, aliyekuwa hajacheka kwa majuma mengi, alianza kutikisika mabega. Akacheka mpaka shuka likaanguka. "Katikati!" alisema akipangusa machozi. "Katika nyumba hii! Fundi, angekufukuza!" Kaka mkubwa akaketi sakafuni kwa kucheka. Kila kitu mzee alikikagua katika mlango ule, isipokuwa kitu kimoja ambacho sheria yake mwenyewe ilikikataza.

Mzee hakucheka. Alikuwa amesimama, mdomo wazi.

"Kumbe si mimi," alisema. Halafu akarudia kwa sauti kubwa zaidi, kama anayemwambia mtu aliye mbali. "Kumbe si mimi!"

"Si wewe, baba."

"Sijaisha!"

"Umeisha wapi, baba, na mimi niliye nusu ya umri wako nimeushindwa?" Kaka mkubwa aliinuka, akatoa funguo za gari mfukoni, akampa baba yake kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Mzee akazipokea. Akaanza kushukuru, na akishaanza hakuna wa kumzuia. Alimshukuru Mungu, akamshukuru fundi kwa kuacha mapumziko yake, akamshukuru mkwe kwa kupiga simu, akamshukuru mwanawe kwa kushindwa. "Ungeuweza ule mlango, mwanangu, mama yako angeondoka leo," alimwambia, na kijana akageukia ukuta apanguse macho.

Kaka mkubwa alitaka azikaze springi mwenyewe waokoe muda. Fundi akamrudi pale pale: springi ya mlango ikikuponyoka na bisibisi mkononi itakuvunja mkono kabla hujajua, hiyo ndiyo kazi moja ya mlango isiyoguswa na mwenye nyumba. Basi wakakaa nje, wakamwachia kazi yake. Jioni zilikuwa zimefungwa springi mpya.

Walipoondoka wote, mzee alivuta kigoda akaketi miguuni pa mkewe. Mkoba wa nguo ulikuwa bado umesimama pale.

"Nesi aliniambia," alisema.

Mama akatazama pembeni. "Mdomo wake mrefu."

"Ulitaka kufa ili mimi nipumzike?"

"Nilitaka usife wewe. Nilikuwa nakusikia kila asubuhi. Nilijua ni mimi ninayekumaliza."

"Na mimi nilijua ni uzee."

"Kumbe chuma," mama alisema.

"Kumbe chuma, mama watoto. Wewe na mimi tunauana kwa sababu ya chuma, na ndimi za kusemea tunazo." Alishika miguu yake iliyovimba, akaiweka mapajani akaichua. "Usinifiche tena. Na mimi sikufichi. Mafua yale yalikuwa dawa ya misuli."

"Mtaa mzima ulijua."

Asubuhi ya kliniki mzee alimshika mkono wakapita jikoni, wakaingia gereji. Alipotaka kwenda mlangoni, mama akamzuia.

"Kaa kwenye gari."

"Mama watoto, usije ukaumia."

"Fundi amesema mkono unaongoza tu. Mkono ninao."

Alikwenda polepole, akijishikilia gari, na mzee akamfuata nyuma mikono imetanuliwa kama anayemfundisha mtoto kutembea. Mama akainama, akashika mpini kwa mkono ule usiofungwa mipira ya mashine, akainua. Mlango ukapanda. Ukapita magoti, ukapita kifua, ukamponyoka vidoleni ukaenda wenyewe kulala chini ya dari, na mwanga wa asubuhi ukaingia gereji nzima. Kwa muda mrefu watu walikuwa wakimfanyia kila kitu, wakimvisha, wakimlisha, wakimbeba. Alibaki amesimama pale, mkono bado uko juu. "Ee Mungu, ahsante," alisema, na mzee nyuma yake akaitikia ahsante, wakaendelea kusema hivyo hivyo kwa kupokezana mpaka wakaanza kuonana wajinga.

Hospitalini nesi alimpokea, akamlaza kwenye kiti, akaanza kutayarisha mkono. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na ule mto wa kuegemea kwapani.

"Mama," nesi aliuliza kwa sauti ya chini, "lile ombi lako la kupunguza siku, nilipeleke kwa daktari?"

"Lifute," mama alisema. "Niwekee siku zangu zote. Nina dereva."